Archaeotherium: Mnyama Aliyesingiziwa Unguruwe

Wengi wamezoea kumwita Archaeotherium, mnyama wa Amerika Kaskazini aliyetoweka zamani sana, "nguruwe wa jehanamu", na anayetazama mchoro wake, pamoja na ule uso mrefu na meno yaliyochomoza, huona jina limemkaa barabara. Hata hivyo Joseph Leidy, mtaalamu wa Marekani aliyempa jina la kisayansi mwaka 1850, alimwita Archaeotherium, yaani mnyama wa kale, bila kumtaja nguruwe popote.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba alikuwa babu wa nguruwe wa leo. Si haki kumcheka anayeiamini, kwa kuwa hata wataalamu walimweka karibu na nguruwe kwa muda mrefu. Lakini uchambuzi wa nasaba uliofanywa katika miongo ya karibuni unaiweka familia yake, entelodonti, upande wa kiboko na nyangumi. Tumlinganishe na ngiri. Chonge za ngiri hazikomi kukua, hujipinda kuelekea juu, na zile za chini hunoleka kwa kusuguana na za juu. Za Archaeotherium zilikuwa nene kama vigingi, na zilipofikia kimo chake hazikuendelea kukua, bali zililika kadiri mnyama alivyozeeka. Nguruwe ana vidole vinne katika kila mguu, viwili kati yake vikiwa vidogo na vimeinuka kwa nyuma, ilhali huyu alikanyagia vidole viwili tu, na mifupa miwili iliyo chini ya kiwiko ilikuwa imeungana kuwa mmoja, jambo linaloonyesha miguu iliyoumbwa kwa mbio.

Wapo pia wanaodhani kuwa mashavu yake yalikuwa na sugu kama za ngiri. Sugu za ngiri ni ngozi na nyama ngumu, ndiyo maana ukiliokota fuvu lake porini huzioni. Archaeotherium alikuwa na mabapa ya mfupa mtupu yaliyochomoza chini ya macho, na vinundu vingine vya mfupa chini ya taya. Huenda yalishikilia misuli ya kutafunia, na huenda yalitumika kutambiana, kwani mafuvu kadhaa yana alama za kuumwa na wenzao ambazo zilikwisha kupona, ishara kwamba mnyama aliyeumwa aliendelea kuishi baada ya ugomvi.

Kuhusu chakula, watu hugawanyika: kuna wanaomfanya mwindaji katili asiyegusa jani, na kuna wanaomfanya mla mizoga tu. Meno yake yanawakatalia wote wawili, kwa sababu yale ya mbele yalifaa kushika na kurarua, na magego yalikuwa na vilele vifupi vya kusaga, kama yalivyo ya wanyama wanaokula mimea na nyama pamoja. Kwamba aliweza kuua ni vigumu kukanusha. Huko Wyoming, Marekani, yalipatikana mabaki ya Poebrotherium, ngamia wa kale wenye ukubwa wa kondoo, yakiwa pamoja, na mashimo ya meno yanayolingana na yake yanaonekana kwenye vichwa na shingo, huku sehemu za nyuma za miili zikiwa zimeliwa.

Madai kwamba aliishi na dinosaria, au kwamba binadamu wa kale walimwinda, hayahitaji maneno mengi. Aliishi Amerika Kaskazini kati ya miaka milioni 35 na milioni 28 hivi iliyopita, wakati dinosaria wakubwa walikwisha kutoweka miaka milioni 66 iliyopita na binadamu bado kabisa. Wala hakuwa na kimo cha tembo: begani alifikia kama mita 1.2, na picha za jitu huwa za jamaa yake wa baadaye, Daeodon.

Kosa ninalolipenda zaidi lilifanywa na wenye ujuzi. Mwaka 1993, katika Hifadhi ya Taifa ya Badlands, South Dakota, wageni waliona uti wa mgongo umechomoza ardhini, ukadhaniwa kuwa wa Archaeotherium, na uchimbaji uliotazamiwa kumalizika kwa siku chache ukaendelea msimu baada ya msimu hadi 2008, ukitoa mifupa zaidi ya 19,000. Mfupa ule wa kwanza ulikuja kutambuliwa kuwa wa Subhyracodon, kifaru asiye na pembe. Kufikia hapo jina la "Machimbo ya Nguruwe Mkubwa" lilikuwa limeshazoeleka, nalo likabaki hivyo hivyo.