Nota za taarab kwenye kompyuta: yanayodhaniwa na yalivyo

"Ukishaskani, nota zimeshaingia kwenye kompyuta." Hapana, kilichoingia ni picha. Ukitaka kushusha wimbo kutoka Re hadi Do ili mwimbaji aufikie, picha hiyo, hata ikiwa PDF, haikusaidii kitu. Lazima ipite kwenye programu ya kusoma nota, kama Audiveris ambayo ni ya bure, itoe faili la MusicXML, yaani nota zenyewe zinazoweza kubadilishwa, ndipo ulifungue kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota.

"Picha yoyote ya simu inatosha." Zinazozunguka WhatsApp zimeshabanwa, na vile vitone vya kurefusha nota ndivyo vinavyopotea mwanzo. Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), rangi ya kijivu. Karatasi zilizokaa miaka kabatini, Unguja au Pemba, zimekula unyevu na kufanya manjano. Skana ikilazimishwa kuchagua nyeusi au nyeupe tu, madoa hugeuka nota. Kisha kuza picha uhesabu pikseli kati ya mstari na mstari wa nota: ziwe kama 20. Zikiwa 10, skani upya, maana kuitanua picha hakurudishi kilichopotea.

"Programu inasoma kila alama." Hapa ndipo taarab inapoumia. Rast na Bayati ni maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu: Rast ya Do ina Mi na Si zilizoshushwa robo toni; Bayati ya Re nayo ina Mi hiyo hiyo. Huandikwa kwa bemoli (alama ya kushusha nota) iliyokatwa mstari, pengine iliyogeuzwa, na programu nyingi, kwa kuwa zimetengenezwa kwa muziki wa Ulaya, huiruka au huisoma bemoli kamili. Ikirukwa, Rast inakuwa ngazi ya meja ya kawaida ya Ulaya. Ikisomwa kamili, wimbo unalia huzuni isiyokuwamo. Alama hizo ziweke mwenyewe, moja moja, karatasi ya asili ikiwa mbele yako, kisha mpe mpiga udi au ganuni aupige wimbo na muusikilize pamoja.

Nota zilizoandikwa kwa mkono? Usijisumbue kuzipitisha kwenye programu. Kuziandika upya ni haraka kuliko kusahihisha.

"Makosa yote yatarekebishwa mwishoni." Ufunguo ulio mwanzo wa mstari na alama ya mapigo virekebishe mapema, ndani ya Audiveris, ambako picha ya asili bado inaonekana chini ya nota, maana ufunguo ukisomwa vibaya, mstari mzima umehama. Baadaye MuseScore huweka + au − juu ya kipimo ambacho mapigo yake yamezidi au yamepungua. Anzia hapo, lakini usiishie hapo: mapigo yanaweza kutimia na nota zisiwe zenyewe.