Hangmat: neno ambatano la Kiholanzi lisilotokana na kuambatanishwa

Maneno ambatano ya Kiholanzi kwa kawaida hujieleza yenyewe. Aardappel, yaani kiazi mviringo, limeundwa kwa aard, "ardhi", na appel, "tofaa". Anayekutana na hangmat, jina la kitanda cha wavu au turubai kinachofungwa ncha mbili na kuning'inia, hulichambua vivyo hivyo, kwa kuwa hang ni shina la kitenzi cha kuning'inia na mat ni mkeka. Uchambuzi huo unalingana barabara na maana ya neno, ila historia yake inaukataa.

Chimbuko la neno ni visiwa vya Karibi, kwa Wataino, waliokuwa wakilala katika vitanda hivyo hata kabla Christopher Columbus hajafika huko mwaka 1492. Wahispania walikichukua kitu pamoja na jina lake, hamaca, na Wafaransa wakasema hamac. Mabaharia wa Ulaya walikipenda, kwani merikebuni nafasi ilikuwa finyu, na kitanda kinachoning'inia hakimwangushi mlalaji chombo kinapoyumba. Masikioni mwa Waholanzi, hata hivyo, silabi za hamaca hazikuwa na maana yoyote. Wakalitamka kwa namna kadhaa, mojawapo hangmak, ambamo sehemu ya kwanza ilikwisha kueleweka na ya pili bado, hadi mwisho wa neno ulipogeuka kuwa -mat.

Umbo hilo lililotengenezwa upya ndilo lililosafiri kuelekea kaskazini na mashariki: Wajerumani wana Hängematte na Waswidi hängmatta, wakati hammock la Kiingereza limebaki karibu na Kihispania. Mtafiti asiyelinganisha lugha hizi angeweza kudhani kwamba Wahispania ndio waliofupisha neno la Kiholanzi, ilhali kumbukumbu za Kihispania zimetangulia.

Wasemaji wa Kiswahili nao hufanya jambo linalokaribiana na hilo. Silabi ki- katika kitabu ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini tumeichukulia kuwa kiambishi cha ngeli na kupata vitabu; vilevile madigadi, lililotoka Kiingereza, limetuzalia umoja digadi. Tofauti ni kwamba sisi tulisikia sarufi yetu ndani ya neno geni, na Waholanzi walisikia msamiati wao.