DSLR "Imekufa", na Imani Nyingine Zinazowatia Wapiga Picha Hasara

"DSLR imekufa, uza upesi kabla haijakosa mnunuzi." DSLR ni kamera yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye tundu la kutazamia. Wapiga picha wa harusi wanakuja dukani na maneno haya kila mara, na baada ya siku chache lenzi nzuri ya 70-200 f/2.8 inakuwa imeondoka kwa bei ya kutupa. Inauma kuona mtu anatoa kifaa kinachomlisha kwa sababu ya uvumi aliouokota kwenye video ya dakika kumi.

Tuanze na kilichokufa kweli. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 zilikuwa takriban milioni 7.7. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni zile kamera ndogo za mfukoni, ambazo simu ilizimaliza. Kamera za kubadilisha lenzi zilifika kileleni mwaka 2012, takriban milioni 20, na mwaka 2023 zilikuwa milioni sita hivi. Soko limepungua sana, hilo halina ubishi. Kampuni zikajibu kwa kuacha kamera za bei ya chini na kuhamia za bei ya juu. Mwaka 2018 Canon wakatoa mfumo wa RF na Nikon wakatoa Z, yote ya mirolesi (kamera isiyo na kile kioo cha DSLR), na tangu hapo fedha zao za utafiti zinakwenda huko. DSLR mpya karibu hazibuniwi tena. Lakini kiwanda kuacha kubuni bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) hakuizimi bodi uliyonayo. DSLR ya Canon 5D Mark III iliyopiga picha safi mwaka 2013 inapiga picha zilezile leo.

Sasa tazama biashara yenyewe inavyokwenda. Mtu ana DSLR ya Canon 6D na lenzi ya 70-200 f/2.8. Anauza vyote, anachukua mirolesi ya Canon R10 pamoja na lenzi inayokuja nayo, ya 18-45 f/4.5-6.3. Ukumbi ni uleule, taa ni zilezile. Namba ya f ikikua, mwanga unaoingia unapungua: kutoka f/2.8 hadi f/6.3 unapungua mara tano. Pale alipotumia ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kamera kukuza mwanga) sasa anahitaji ISO 8000, tena kwenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) yenye eneo dogo kuliko nusu ya ile aliyouza. Chenga zinajaa kwenye nyuso. Kuvuta nako kumekwisha: 45 mm kwenye R10 inaona kama 72 mm kwenye 6D, kwa hiyo akisimama nyuma ya viti vya wageni hafiki jukwaani. Halafu betri. 6D inatumia LP-E6, R10 inatumia LP-E17, na zile nne alizokuwa nazo hazina kazi tena. Kisha analalamika kwamba Canon imeshuka kiwango. Canon haijashuka popote, lenzi ndiyo imeondoka.

Mirolesi ina faida zake na hakuna sababu ya kuzikana. Fokasi inakamata jicho hata likiwa pembeni mwa fremu, video ni bora zaidi, na unaona mwangaza wa picha kabla hujabonyeza. Ukitaka kuhama, hama kwa mpangilio. Lenzi zibaki. Nunua bodi ya R, yaani mirolesi ya Canon, pamoja na adapta ya EF-EOS R, inayofunga lenzi za EF za DSLR ya Canon kwenye bodi hiyo. Ndani ya adapta hiyo hamna kioo chochote cha lenzi, ni nafasi tupu na viunganishi vya umeme, kwa hiyo ubora haupungui na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Ukichukua R6, hata betri zako za LP-E6 zinaingia. Fanya kazi na bodi mbili, DSLR ikiwa ya akiba, mpaka umeizoea mpya. Bodi kuukuu iuzwe mwisho, na lenzi iuzwe pale tu ambapo tayari unayo ya kushika nafasi yake.

Wa Nikon wasome hapa kwa makini. Adapta ya FTZ, inayofunga lenzi za DSLR ya Nikon kwenye bodi za Z, haina mota ya fokasi. Lenzi za AF-S na AF-P zitafanya fokasi zenyewe, ila zile za AF na AF-D, kama 50 mm f/1.8D au 80-200 f/2.8D, utazungusha kwa mkono. Wanaogundua hili baada ya kulipa ni wengi mno.

Jambo jingine, ukishapata mirolesi usikimbilie shata (kifunga mwanga) ya kimyakimya, yaani ya kielektroniki, ukumbini. Chini ya taa za LED mara nyingi inaleta michirizi kwenye picha. Tumia shata ya kawaida, anza na 1/100 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz.

Upande wa mnunuzi, soko hili la hofu ni neema, mradi ukague. Hesabu ya shata kwanza: 6D ilikadiriwa kwa mafyatuo 100,000, 5D Mark III na Nikon D750 kwa 150,000. Kupita hapo si kufa, ila bei ishuke. Kwa Nikon, idadi imo ndani ya taarifa za faili la JPG. Kwa Canon nyingi inabidi kuunganisha kamera na kompyuta yenye programu maalumu, na muuzaji anayekataa jambo hilo mwache. Lenzi ya Canon 24-105 f/4L toleo la kwanza ipimwe hivi: weka f/4, piga, weka f/8, piga tena. Ikikubali f/4 na kutoa Err 01 kwenye f/8, mshukiwa wa kwanza ni utepe wa umeme wa apacha (tundu la kupitisha mwanga) ndani ya lenzi, maana ugonjwa huo wa lenzi hii unajulikana sana. Unabadilishika, lakini gharama yake iondolewe kwenye bei. Na kwa watu wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar: fungua apacha yote, mulika tochi kutokea nyuma ya lenzi. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando, hiyo ni kuvu. Ikiwahiwa inasafishika, ikishakula rangi ya kinga ya kioo alama haitoki. Mkoba wa ngozi hushika unyevu, usiutumie kuhifadhia. Tia lenzi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na silika jeli na kipima unyevu, kikae kati ya asilimia 40 na 50.

Imani ya pili ni jamaa wa ile ya DSLR kufa: "Usinunue kampuni ndogo, itafungwa." Swali lenyewe limewekwa vibaya. Uliza hivi: kampuni hii ikiondoka, ni nani mwingine anatengeneza lenzi za mdomo huu, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera? Olympus waliuza kitengo chao cha kamera, na kuanzia Januari 2021 kinaendeshwa na OM Digital Solutions. Mfumo wao wa Micro Four Thirds walikuwa wameuanzisha pamoja na Panasonic mwaka 2008, kwa hiyo lenzi zinaendelea kutoka pande zote mbili. Samsung ni kampuni kubwa kuliko hao wote, na ilipoachana na kamera zake za NX hakuna aliyeurithi mdomo ule. Ukubwa wa jina haukumsaidia mwenye NX.

Mtego wa aina hiyo unaouzwa sana kwetu ni Canon M50. Kwa kurekodi video za mtandaoni inatosha kabisa. Ila mdomo wake ni EF-M, mfumo ambao Canon wenyewe wameufunga, na lenzi za EF-M hazina adapta ya kuzipeleka kwenye RF, kwa kuwa EF-M inakaa mm 18 kutoka kwenye sensa na RF inakaa mm 20. Adapta ingehitaji unene chini ya sifuri. Ukiinunua M50, fedha za lenzi ziweke kwenye EF kwa adapta, maana hizo utahama nazo.

"Megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri." Hapana. A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 8.7, A3 inahitaji 17.4. Kamera ya 24 inatosha albamu yoyote ya harusi.

"Sensa zote ni za Sony, kwa hiyo kamera zote ni sawa." Nikon na Fujifilm wananunua sensa nyingi kwa Sony, kweli. Canon kwa kawaida hutengeneza zake. Lakini hata sensa zikifanana, fokasi, uchakataji wa rangi na lenzi havifanani.

Iko pia ile ya kwamba Canon "inapenda ngozi nyeusi" na Sony inaifanya kijani. Tofauti hiyo imo zaidi kwenye JPG, jinsi kila kampuni inavyopika rangi. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalipika), na hapo kinachoamua ni mwangaza na mizani ya rangi nyeupe uliyoweka. Bwana harusi mweusi akiwa kando ya shela nyeupe, pima mwangaza kwa shela isiungue, kisha rudisha mwanga usoni kwa flashi iliyogongeshwa kwenye dari nyeupe. Kama dari ni ya rangi, tumia kadi nyeupe juu ya flashi, la sivyo rangi ya dari itashuka yote usoni. AWB (kamera kujichagulia mizani hiyo) usiiachie ukumbini wakati taa za zambarau na bluu zinabadilika, kwa sababu kila picha itatoka na rangi yake. Weka Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) kwa mkono, anza 5500 ukiwa na flashi, uiache hapo sherehe nzima, ili ukifika kwenye kompyuta urekebishe picha moja na nyingine zifuate.