Unasihi wa lishe ni nini katika tiba?

Unasihi wa lishe ni mazungumzo ya kitabibu baina ya mtaalamu wa afya na mgonjwa, au yule anayemuuguza, yanayokusudia kupatanisha chakula na ugonjwa alionao, dawa anazotumia na uwezo wa mfuko wake. Wengi huuchanganya na elimu ya lishe. Elimu ya lishe huhutubia umma mzima, kama Shirika la Afya Duniani linapowashauri watu wazima watumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku. Unasihi humhusu mtu mmoja mwenye faili lake, uzito wake na majibu yake ya maabara. Kwa hiyo agizo la "kula vizuri" analopewa mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango si unasihi, hata kama aliyelitoa ni daktari bingwa.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 huhesabiwa kuwa katika hali hiyo, na akiwa na maradhi mengine au amekosa hamu ya kula, hulazwa. Wodini halishwi mpaka ashibe. Huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kwa vipimo vidogo usiku na mchana, kwa kuwa mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula kingi ghafla, viwango vya fosfeti, potasiamu na magnesiamu katika damu huweza kuporomoka na moyo ukashindwa kufanya kazi. Akitulia ndipo huhamishiwa maziwa ya F-100, yenye nishati zaidi, au chakula dawa cha karanga kilicho katika pakiti. Bibi anayempenyezea mjukuu uji mzito siku ya kwanza kwa huruma anastahili kuelezwa sababu hii, si kukaripiwa.

Kwa watu wazima, sehemu kubwa ya unasihi huhusu dawa. Mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma na kushushia chai hufaidika navyo kidogo, kwa sababu tanini ya majani ya chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vyema. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, halazimiki kuacha mchicha wala kisamvu, ingawa wengi huambiwa hivyo. Anachotakiwa ni kula mboga hizo kwa kiasi kisichopandashuka, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa, na dozi hupangwa kwa kuzingatia mlo wake wa kawaida. Mwenye kisukari anayejidunga insulini na anataka kufunga Ramadhani azungumze na kliniki yake kabla mwezi haujaandama, kwani dozi na saa za kudunga huenda zikahitaji kubadilishwa.

Mnasihi mzuri huuliza kabla ya kuagiza. Kumwambia mgonjwa wa kisukari aache ugali, ilhali ndicho chakula cha nyumba nzima, ni kumtuma akadanganye atakaporudi. Afadhali kukubaliana naye kwamba ugali uchukue robo ya sahani na mboga zichukue nusu. Na kama mgonjwa si mpishi, mwenye kushika mwiko naye aitwe chumbani.