Furkrea: ndugu wa mkonge asiye mkonge

Katika bustani za Afrika Mashariki huonekana mmea mkubwa wa majani mapana, marefu, yanayochomoza kwa duara karibu na ardhi, wakati mwingine yakiwa na michirizi ya rangi ya maziwa. Wengi huuita mkonge tu. Hawako mbali na ukweli, kwa sababu mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja. Ila mkonge wa mashamba ya Tanga ni wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Agave, na huu ni wa jenasi ya Furcraea, ambayo hapa nitaiita furkrea.

Furkrea ina spishi zipatazo 25, na zote asili yake ni Amerika ya joto: Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na nchi za kaskazini na magharibi mwa Amerika Kusini. Aliyeitenga kuwa jenasi ya peke yake ni Mfaransa Étienne Pierre Ventenat, mwaka 1793, akaipa jina la mkemia Fourcroy. Kabla ya hapo mwanabotania Msweden Linnaeus alikuwa ameiweka spishi yake maarufu zaidi, Furcraea foetida, pamoja na agave.

Linnaeus hakukosa sababu. Zote mbili huhifadhi maji katika majani manene, zote hukaa miaka mingi bila ua, kisha hutoa mlingoti mrefu wa maua mara moja tu na kufa. Tofauti iko kwenye ua lenyewe. Ua la agave hutazama juu, na stameni zake (viungo vya kiume vinavyobeba chavua) huchomoza nje ya petali. Ua la furkrea huning'inia likitazama chini, jeupe lenye ukijani, na stameni zake ni fupi, zimevimba sehemu ya chini na kubaki ndani. Kwa kuwa mlingoti huchukua miaka kutokea, angalia pia majani. Jani la mkonge limenyooka, ni gumu, na ncha yake ni mwiba mweusi unaochoma kama sindano. Jani la Furcraea foetida ni pana zaidi, lina mawimbi kidogo, ncha yake haina mwiba mkali wa namna hiyo, na miiba michache iliyopo hukaa pembeni, hasa karibu na shina. Ukilikata linatoa harufu mbaya.

Si furkrea zote zinazokaa chini. Furcraea longaeva na Furcraea parmentieri za milima ya Meksiko huwa na shina la mita kadhaa, na majani yote yakiwa kileleni.

Thamani ya furkrea kwa watu ni nyuzi zake. Nchini Kolombia nyuzi hizo huitwa fique, na wenyeji walizisokota kamba tangu kabla ya Wahispania kufika. Baadaye zikawa magunia ya kahawa na nyayo za viatu vya wakulima. Kisiwani Morisi, Furcraea foetida ilipelekwa kutoka Amerika, ikalimwa, na nyuzi zake zikashonwa magunia ya sukari. Ndiyo maana sokoni ziliitwa katani ya Morisi. Ni laini kuliko za mkonge, ingawa hazina nguvu kama zake. Kazi ya kuzitoa anaijua yeyote aliyewahi kusimama karibu na korona, mashine ya kuparua majani ya mkonge: jani huparuliwa nyama yote, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa juani. Kwa fique, nyuzi ni takriban 4% tu ya uzito wa jani bichi. Kinachobaki ni majimaji na makapi, na majimaji hayo yakiachwa yaingie mtoni huua samaki. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza la kuulizwa na yeyote anayefikiria kuanzisha kiwanda cha nyuzi, kabla hata ya bei ya kamba.

Jambo la pili ni namna inavyozaliana. Juu ya mlingoti, ambao huweza kupita mita 7, huota miche midogo mamia kwa mamia, tayari ikiwa na majani. Haihitaji mbegu wala mchavushaji. Ikianguka hushika mizizi palepale, au husombwa na maji ya mvua hadi bondeni. Kwa njia hiyo Furcraea foetida imekuwa kero Hawaii, Réunion na Afrika Kusini, na imeshaota yenyewe porini katika sehemu za Kenya na Tanzania. Inapojazana, majani yake hufunika ardhi na mimea ya asili hukosa mwanga.

Ni mmea mzuri wa bustani na sioni sababu ya kuung'oa. Ila ukiona mlingoti umeanza kupanda, ukate mapema kabla miche haijakomaa. Iliyokwisha kuanguka iokote, iache ikauke kabisa juani juu ya saruji au bati, kisha ichome. Usiitupe kwenye korongo wala kando ya mto.