Makala ni huria, shabiki je? Kusoma na kunukuu tafiti za mashabiki

Anayeandika tasnifu kuhusu mashabiki na kazi wanazozitunga (hadithi zinazoendeleza tamthilia, video za kuunga vipande, michoro) ana bahati moja: jarida kubwa la fani hii halina mlango wa kulipia. Transformative Works and Cultures lilianza kutoka Septemba 2008, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Organization for Transformative Works, shirika la Marekani lisilo la faida ambalo mashabiki wenyewe walilianzisha. Msomaji halipi, na mwandishi naye halipi ili achapishwe. Hilo la pili ndilo zito zaidi, maana majarida mengi yanayojiita huria yamemwondolea msomaji gharama na kumtwisha mwandishi.

Ukilifungua, usizipe makala zote uzito sawa. Zile ndefu za nadharia na uchambuzi hupitiwa na wasomi wengine ambao hawamjui mwandishi, wala mwandishi hawajui. Zile fupi za sehemu iitwayo Symposium, za maneno 1,500 hadi 2,500 hivi, hupita kwa wahariri tu. Si kwamba hazifai. Humo ndimo utakuta hoja changa na sauti za mashabiki wasio wahadhiri. Lakini mwanafunzi akiandika “utafiti umethibitisha” kisha akaegemea insha ya namna hiyo, msimamizi makini atamrudishia sura nzima.

Kitu kingine kinachowakwaza wengi ni kurasa. Jarida hili ni la mtandaoni tupu, halina namba za ukurasa. Kila aya ina namba yake: [3.2] maana yake sehemu ya 3, aya ya 2. Nukuu hivyo hivyo. Ukiandika namba za ukurasa ulizozipata baada ya kuchapa kwenye printa yako, mwenzako mwenye karatasi tofauti au herufi kubwa zaidi hatapata kitu. Na kwenye marejeleo weka DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ile inayoanza na 10.3983, badala ya anwani uliyoinakili juu ya kivinjari; anwani hubadilika tovuti ikihamishwa.

Leseni ya Creative Commons, yaani masharti ya kuitumia kazi ya mwingine, huandikwa kwenye makala; isome kabla ya kufanya chochote zaidi ya kusoma. Alama ya BY inadai umtaje mwandishi. NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo mwenye steshenari anayekusanya makala za aina hiyo akazichapa kitini na kukiuza kwa faida amevuka mpaka. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni mabadiliko. Pasipokuwa na ND unaweza kutafsiri makala nzima kwa Kiswahili ukaiweka mtandaoni, mradi umtaje mwandishi, utaje leseni na useme wazi kwamba umetafsiri. Kama kuna NC, isiwe kwa biashara. Ila leseni ya makala haigusi picha ya filamu wala kipande cha hadithi ya shabiki kilichonukuliwa ndani yake. Hivyo vina wenyewe.

Hapo ndipo pagumu, na ndipo uhuria wa makala unapomgeukia shabiki. Kitabu cha maktaba chenye nakala chache kikimtaja mtu kwa lakabu yake, wachache watajua. Makala huria husomwa na yeyote: mwajiri wake, mama mkwe wake, wanafunzi wake. Tena lakabu peke yake si kinga. Fanya jaribio hili: chukua maneno saba au manane mfululizo ya nukuu yako, yatie kwenye alama za kunukuu, uyatafute mtandaoni. Ukurasa wa shabiki ukitokea, umeshamtaja hata kama jina umelifuta. Dawa ni kueleza wazo kwa maneno yako, au kuomba ruhusa. Jarida lenyewe huwahimiza waandishi waombe ruhusa, hata kwa maandishi yaliyo hadharani.

Ukitafsiri nukuu ya Kiingereza kwa Kiswahili, msako huo hukwama. Ni nafuu ya kweli, ilimradi uandike kwamba tafsiri ni yako. Kwa hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili mambo ni kinyume. Kundi ni dogo, wanajuana, na muhtasari wa kisa tu unatosha kumtambulisha mtunzi.

Angalia pia mtunzi mwenyewe ameweka milango gani. Katika Archive of Our Own, hazina ya mtandaoni ya kazi za mashabiki iliyo chini ya Organization for Transformative Works, kazi inaweza kufungwa isionekane ila kwa waliojisajili. Kufuli hilo lichukulie kama neno la mtu, hata kama wewe una akaunti. Vilevile mtunzi anaweza kuiacha kazi yake “yatima”: hadithi hubaki, jina lake hung'olewa. Akifanya hivyo leo na wewe ulimtaja mwaka juzi, makala yako inaendelea kumfunga na kile alichokikimbia, na nakala zilizokwisha kusambaa huzirudishi.

Ujumbe wa kuomba ruhusa uwe mfupi: wewe ni nani na wa chuo gani, kazi ipi, sentensi ipi hasa, itachapwa wapi, na kwamba kila mtu ataisoma. Mpe hiari tatu: lakabu, bila jina, au hapana. Subiri wiki mbili. Kimya si ruhusa, hata kama wahenga walisema kimya ni jibu.

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wa huku ni kama wasimulizi wanaozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama Captain Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, wanaingia katika tafiti za mashabiki. Wanaingia, lakini kwa mlango wa pembeni. Nadharia nyingi za fani hii zimejengwa juu ya zawadi: shabiki hutunga bure, hupokea maoni. Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, kulikuwa na kiingilio, na kanda ziliuzwa. Ukiibandika nadharia ya zawadi juu ya biashara ya kanda itapwaya, na ukiiacha kabisa utashindwa kueleza kwa nini mtazamaji alimfuata msimulizi kuliko filamu. Mimi ningeanzia kwenye huko kupwaya, nikiandika bei ya kiingilio kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.