Kimbunga pwani yetu? Waulize wenye karafuu

Masika yakichanganya na upepo kidogo tu, simu yangu haipumziki. "Mtaalamu, eti kimbunga kinakuja?" Kabla sijajibu, mwingine kwenye kundi la mtaa anadakia: "Acheni kutisha watu, hayo ni mambo ya Marekani na Msumbiji." Huyu wa pili ndiye anayenipa kazi.

Jibu langu huanzia Pemba. Karafuu ya Zanzibar leo inatoka zaidi Pemba kuliko Unguja, na sababu mojawapo ni kimbunga cha Aprili 15, 1872. Kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, zikiwemo meli za Sultani Barghash, ambaye hata miaka 2 kitini alikuwa hajatimiza. Pemba ikasalimika. Na mkarafuu si mchicha. Unaupanda leo, unangoja miaka kadhaa ndipo uchume. Bei ilipopaa, miti iliyosimama ilikuwa Pemba.

Miaka 80 baadaye, tarehe ileile, Aprili 15, 1952, kingine kikatua Lindi na kuua watu 34. Tarehe kufanana ni sadfa. Mwezi si sadfa.

Kimbunga hula joto la bahari, nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na ili kijisokote kinategemea mzunguko wa dunia unaopinda upepo. Ukisogea ikweta, nguvu hiyo ya kupinda hunyauka hadi kwisha. Ndiyo maana Lamu wanalala, Unguja kwenye nyuzi 6 kusini mwa ikweta ipo mpakani, na Lindi na Mtwara, kwenye nyuzi 10, wamo. Hata hivyo vimbunga vingi huishia Madagaska au hukata kona kusini. Vinavyotufikia ni vile vinavyochomoka kaskazini mwa kisiwa hicho. Aprili ni tanga mbili: kaskazi imelegea, kusi haijakaza, maji bado ya moto.

Kimbunga Kenneth, 2019, kilitufanya tuhamishe watu Mtwara, kisha kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, Aprili 25. Jobo cha 2021 kilinyong'onyea baharini.

Hidaya ndicho kilichoninyima usingizi. Usiku wa Mei 3, 2024 nilikodolea picha za satelaiti, nikiliangalia lile wingu la duara likianza kuchanika ubavu mmoja. Boti za Dar na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Kikapita Mafia Mei 4, upepo wake umechoka, lakini mvua haikuchoka: barabara ya kusini ikakatika Somanga, mabasi ya Lindi yakalala njiani. Watu hukumbuka jina la upepo, ilhali kwetu aghalabu ni maji yanayoharibu.

Kwenye makaratasi, msimu wa vimbunga kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi huisha Aprili 30. Mimi siku hizi likizo naiomba Juni.